Namba Mbili kwa Kila Kijana: Kumpima Kiungo Chipukizi wa Dzaleka

Katika uwanja wowote wa vumbi pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, jioni ya Jumamosi, watu waliosimama pembeni huwa wamekwisha kuamua nani ana kipaji kabla nusu saa haijapita. Ni yule aliyewapiga chenga watatu, au yule mwenye mguu mzito anayefumua mashuti kutoka mbali. Kwa winga, hukumu ya umati si mbaya sana, maana kazi ya winga inaonekana. Kwa kiungo, ni hukumu ya kutiliwa shaka. Mwongozo huu unakuhusu wewe kocha wa timu ya mtaa, mwalimu wa shule, au mjomba uliyeachiwa mtoto anayelala na mpira kitandani, ambaye siku moja utaulizwa kama kijana huyu wa miaka 14 anaweza kufika kwenye soka la kulipwa. Hoja yangu ni moja: kiungo chipukizi apimwe kwanza kwa yale anayoyafanya mpira ukiwa bado haujamfikia, na kwa namna anavyobadilika akielekezwa. Mbio, nguvu, urefu na chenga viandikwe pia, ila visiwe na neno la mwisho, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobadilika sana kati ya miaka 13 na 18, na ndivyo vinavyowapoteza wapimaji wengi.

Anza na daftari. Maskauti wa besiboli wa Marekani wana desturi inayofaa kuigwa hata na mtu asiyejua sheria za mchezo huo. Kila ujuzi wa mchezaji huupa namba mbili, kwa mizani inayoanzia 20 na kuishia 80, ambapo 50 ni kiwango cha kawaida cha ligi kuu. Namba ya kwanza ni ya leo. Ya pili ni ya siku atakapokomaa. Faida yake ni kwamba huwezi kujificha nyuma ya sentensi kama "ana kipaji sana": unalazimika kusema kipaji hicho kiko wapi, kimefika wapi, na unadhani kitaishia wapi. Inakulazimisha pia kutenganisha ujuzi na ujuzi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 akicheza nafasi za ndani, wale wanaodaka mipira ya chini karibu na besi na kuirusha kwa haraka. Mikono na miguu yake katika ulinzi ilisifiwa mapema. Upigaji wake ndio uliotiliwa shaka. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Udakaji ulimfikisha, na upigaji ukamzuia kudumu. Ukitazama safari hiyo ya miaka karibu 9, waliomsifu na waliomtilia shaka wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwa ujuzi aliokuwa akiuzungumzia. Kiungo wako mpe namba mbili kwa kila kitu: kuona uwanja, mguso wa kwanza, pasi, kukaba, mbio, stamina. Usijumlishe.

Sasa kaa pahali unapoona upana wote wa uwanja, na kwa dakika 10 za kwanza usiufuate mpira kabisa. Mfuate yeye. Beki wa kati ana mpira, kijana wako yuko katikati, ameligeuzia mgongo goli la wapinzani. Je, kabla pasi haijatoka amegeuza shingo kutazama nyuma ya bega lake? Mpira ukiwa njiani, ametazama tena, upande wa pili? Mwili wake umekaa ubavu, au amemkabili beki kama mtu anayesubiri kukabidhiwa barua? Akiupokea kwa mguu ulio mbali na mpira, ule wa upande anakotaka kwenda, mguso mmoja unamgeuza na timu inaelekea mbele. Akiupokea kwa mguu wa karibu, atahitaji miguso miwili zaidi, na mpinzani keshafika. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alichunguza video za wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza akihesabu mara wanazotazama huku na huku kabla ya kupokea mpira, na akakuta kwamba waliotazama mara nyingi ndio pia waliofikisha pasi nyingi zaidi. Hiyo haina maana kwamba kutikisa kichwa kunamzaa mchezaji. Kijana mjanja akishajua unahesabu, atatikisa shingo mechi nzima bila kuona chochote. Kwa hiyo tafuta uhusiano kati ya alichokitazama na alichokifanya: alipoona nafasi kulia, aligeukia kulia? Alipoona yuko peke yake, alitulia na mpira, au aliurudisha kwa hofu? Wakati wa mapumziko muulize kwa upole nani alikuwa nyuma yake pale alipopoteza mpira. Kiungo wa kweli atakujibu bila kufikiri, na huenda akamlaumu beki wake.

Utaambiwa kwamba hayo ni mambo ya viwanja vya nyasi, kwamba huku kwetu mpira unadunda kwenye mawe na hakuna atakayepokea vizuri. Pingamizi hili lina uzito kwa mguso wa kwanza. Miezi ya kiangazi ardhi inakuwa ngumu kama saruji, na mpira uliochakaa haurudi ulikotarajiwa. Kijana anayeonekana mzito hapo huenda akawa mwepesi kabisa kwenye nyasi. Ongeza kwamba huenda amevaa njumu za kuazima zinazomzidi namba mbili. Lakini uwanja mbovu hauharibu kila kitu. Hauharibu shingo wala macho, na hauharibu uamuzi. Ndiyo maana nashauri uwe na safu mbili za pasi: moja ya pasi alizochagua vizuri, nyingine ya pasi zilizofika. Kwenye ardhi mbaya safu ya pili itapungua, na haidhuru. Ya kwanza ndiyo inayokueleza kuhusu kichwa chake. Tazama pia anavyoishi na ubovu wa uwanja. Kuna anayesimama akingoja mpira umdundie, na kuna anayeukimbilia akutane nao kabla haujadunda mara ya pili. Huyo wa pili ameshaanza kufikiri, na uwanja ndio uliomfundisha. Ukipata nafasi ya kumwona hata mara moja kwenye nyasi mjini Lilongwe, usiipoteze, ila usitegemee mechi hiyo moja. Mechi tano zilizotawanyika kwa miezi miwili, zikiwemo mbili ambazo timu yake imefungwa, zina thamani kuliko fainali moja ambayo kila mtu anaisimulia.

Jambo linalowapotosha wapimaji kuliko yote ni umri. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, na walioingia tangu wakati huo kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko wengi walikuja bila vyeti. Si ajabu katika familia moja watoto wawili au watatu kuandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa tarehe kamili ilipotea njiani na fomu ilihitaji kujazwa. Sasa fikiria mtafiti Roger Barnsley na wenzake, ambao mwaka 1985 walionyesha kwamba wachezaji wa mpira wa magongo wa barafu nchini Kanada waliofika juu walikuwa wengi mno miongoni mwa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Sababu haikuwa nyota zao. Walipochaguliwa wakiwa wadogo walikuwa wakubwa kwa miezi kadhaa kuliko wenzao, wakadhaniwa wana kipaji, wakapewa makocha bora. Kama miezi tu inaweza kupotosha hivyo katika nchi yenye vyeti kamili, hebu pima makosa yanayoweza kutokea pale ambapo mwaka wenyewe una shaka. Kijana wa miaka 16 akicheza na wa 14 atang'ara, bila hata kukusudia udanganyifu. Zungumza na mama au bibi yake faraghani, uulize alizaliwa kabla au baada ya tukio gani, nani alimtangulia, alianza shule lini. Usisite kwa aibu: tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kuwabaini waliovuka umri, na umri wa uongo ulioandikwa leo unaweza kumfungia mlango kesho.

Urefu nao upime ukutani kila baada ya miezi mitatu, kwa kalamu, na uandike tarehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kati ya miaka 13 na 15, na wasiokula vizuri huchelewa zaidi. Katika miezi ya kurefuka, miguu huwa kama si yake. Mguso unapotea, magoti yanauma chini kidogo ya kifuniko, na mchezaji aliyekuwa nyota anaanza kuonekana wa kawaida. Namba ya leo ishushe bila huruma, ila ya kesho usiiguse. Kwa upande mwingine, aliyemaliza kukua mapema na kuwashinda wenzake kwa mabega, namba yake ya leo iandike ilivyo, ujiulize atabaki na nini wenzake watakapomfikia. Luka Modrić alikulia hotelini Zadar familia yake ilipokimbia vita ya Kroatia, na utotoni alionekana mwembamba mno. Mwaka 2018 alishinda Ballon d'Or akiwa kiungo, na sifa zake kuu hazikuwa mabega.

Hapa msomaji anayeifuatilia ligi atanipinga: soka la sasa ni la nguvu na mbio, na kiungo asiyeweza kukimbia dakika 90 hapati mkataba hata kama anaona uwanja wote. Ni kweli kabisa. Ligi Kuu ya Malawi haina huruma kwa mnyonge, na hakuna kocha atakayemlipa mtu kwa sababu anageuza shingo vizuri. Tofauti yetu ni ya wakati, si ya thamani. Stamina hujengwa, na hujengwa hata baada ya miaka 17, mtu akila na kufanya mazoezi. N'Golo Kanté, ambaye mapafu yake yalikuja kusifiwa dunia nzima, akiwa na miaka 21 alikuwa daraja la tatu la Ufaransa na Boulogne. Mwaka 2018 alikuwa bingwa wa dunia. Mbio za ghafla ni habari nyingine, hizo hazifundishiki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo weka kiwango cha chini badala ya kuzishindanisha: je, anaweza kumfikia mpinzani aliyempita, kwa mita 10, mara kwa mara, hata dakika ya 70? Akiweza, inatosha kwa nafasi yake. Asipoweza akiwa na miaka 17 na mwili umeshatulia, hilo ni tatizo la kweli, na kuona uwanja hakutaliponya.

Sasa kipimo ninachokithamini kuliko vyote, ambacho umati hauwezi kukifanya kwa kuwa kinahitaji wiki kadhaa. Chagua kitu kimoja ambacho kijana hajafundishwa bado. Kwa mfano, kupokea mpira kwa mguu wa mbali, kama nilivyoeleza. Au kupunguza mwendo anapomkaribia mwenye mpira badala ya kujitupa chini. Mfundishe kwa vipindi viwili tu, kisha nyamaza. Usimkumbushe. Wiki ya tatu mtazame katika mechi, si mazoezini, maana mazoezini kila mtu anajua unataka nini. Watakaoweza mara moja ni wachache na usiwatarajie. Unayemtafuta ni yule anayejaribu, anaharibu, anapoteza mpira, mashabiki wanamzomea, na dakika tano baadaye anajaribu tena. Rudia kipimo hicho kwa kitu kingine baada ya miezi miwili. Ukishapata matokeo matatu au manne utakuwa na kitu ambacho mashuti ya mbali hayawezi kukupa: mwelekeo.

Kipimo hiki ndicho kinachonipa ujasiri wa kusema jambo ambalo wengine wataliita huruma. Namba ya leo ya kijana wa Dzaleka ni ndogo kwa sehemu kwa sababu hajapewa masomo. Mwenzake wa akademi ya Lilongwe ana kocha kila siku, ana koni, mipira na chakula baada ya mazoezi. Lazima awe mbele. Wakikaribiana leo, wa kambini huenda ndiye mwenye kesho kubwa zaidi. Huenda. Mtu anaweza kusema kwa hoja hiyo kila mtoto maskini ni nyota aliyefichika, na hapo ndipo kipimo cha kufundishika kinapotulinda, kwa sababu kinadai matokeo. Aliyekaa miezi sita bila kubadilika, namba yake ya kesho inashuka, awe wa kambini au wa Area 47, mtaa wa Lilongwe. Lakini kabla hujaandika "mvivu kipindi cha pili", muulize alikula nini tangu asubuhi. Kambi iliyojengwa kwa watu wasiozidi 12,000 hivi na kubeba zaidi ya 50,000, huku mgao wa chakula ukipunguzwa mara kwa mara, inazalisha uchovu ambao hauna uhusiano na moyo wa mchezaji.

Kuna majina utakayotajiwa kila unapojaribu kupunguza matarajio. Eduardo Camavinga alizaliwa mwaka 2002 na wazazi Wakongo katika kambi ya wakimbizi huko Cabinda, Angola, na leo ni kiungo wa Real Madrid. Alphonso Davies alizaliwa kambi ya Buduburam, Ghana, mwaka 2000. Nestory Irankunda, mtoto wa Warundi, alizaliwa Kigoma mwaka 2006, akajiunga na Bayern Munich mwaka 2024. Majina haya yanathibitisha jambo moja, kwamba kambi haina uhaba wa vipaji. Yanaonyesha pia jambo ambalo wanaoyataja hulisahau: wote watatu waliondoka wakiwa wadogo sana, Camavinga akiwa na miaka 2 hivi, Davies 5, Irankunda akiwa mchanga, nao wakalelewa kisoka Ufaransa, Kanada na Australia. Hakuna aliyefika miaka 14 akicheza kambini. Ukimwambia kijana wa Dzaleka "Camavinga alikuwa kama wewe," umemwambia nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni ile miaka yake katika klabu ya Rennes, Ufaransa, na hiyo ndiyo unayojaribu kuiiga kwa vipindi vyako vya wiki tatu.

Shabaha ya kwanza iwe karibu. Lilongwe iko zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka kambini, nako kuna Silver Strikers, mabingwa wa Malawi mwaka 2024, na Civil Service United. Kijana aliyepimwa kwa mwaka mzima na kuonekana anapanda, akishafika 16 au 17, atafutiwe mechi ya kirafiki dhidi ya timu ya vijana ya mjini. Wapinzani wenye mpangilio watakuonyesha katika nusu saa kile ambacho msimu mzima wa kambini haukuonyesha. Mkimbizi hasafiri tu: tangu amri ya serikali ya mwaka 2023 ya kuwarudisha wakimbizi Dzaleka, kukamatwa mjini bila ruhusa si jambo la kubahatisha, basi barua kutoka uongozi wa kambi iombwe mapema, yenye majina ya wachezaji wote na siku ya kurudi. Iulize klabu waziwazi itamwandikisha vipi mchezaji asiye raia. Ligi ya Malawi yenyewe ni ngazi, safari haiishii hapo: Peter Banda alitoka Nyasa Big Bullets hadi Simba ya Dar es Salaam mwaka 2021. Kama unayempima ni msichana, usimpe daftari la pili lililo jepesi. Dada wawili kutoka Rumphi, Tabitha na Temwa Chawinga, walipita DD Sunshine ya Lilongwe. Tabitha akawa mfungaji bora wa Serie A ya wanawake ya Italia msimu wa 2022/23, na Temwa mwaka 2024 akafunga mabao 20 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi ya wanawake ya Marekani akiwa na Kansas City Current. Ni washambuliaji, si viungo, ila njia waliyoikanyaga inaanzia mjini hapo hapo.

Namba zako zikiwa nzuri, watu watakuja. Mtu akisema atampeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya kwa majaribio na anahitaji pesa ya viza, mwonyeshe mlango. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhama kwa jambo lisilohusu mpira. Na tangu 2023 wakala lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa mtihani, na jina lake linaweza kutafutwa. Kuhama kwa familia kupitia makazi ya kudumu nchi ya tatu ni halali kabisa, kwa hiyo usikubali jina la mtoto litolewe kwenye faili la familia kwa ahadi ya mpira. Kwa upande wako, hakikisha timu yake imesajiliwa kwenye chama cha mpira cha Malawi na yeye ameandikishwa humo kwa umri ule ule ulio kwenye karatasi zake za kambi. Klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 hugawana hadi asilimia 5 ya ada kila anapouzwa kimataifa ndani ya mkataba, na timu isiyosajiliwa haidai chochote, hata kama ndiyo iliyomfundisha kupokea mpira kwa mguu wa mbali. Nakala ya usajili huo iweke ndani ya daftari lile lile, ukurasa wa kwanza, pamoja na zile alama za urefu.